Kompyuta ya laki nane inaitosha familia: jibu kwa dada wa Morogoro

Dada mmoja wa Morogoro ameniandikia swali hili, nami nimelifupisha kidogo:

“Tuna watoto watatu. Wa kwanza amemaliza kidato cha sita, anajiandaa kuomba chuo na mkopo. Wa pili yuko kidato cha tatu, wa mwisho darasa la tano. Baba watoto ana duka dogo la vifaa vya ujenzi na hesabu zake zote ziko kwenye madaftari. Tumejikusanyia laki nane tununue kompyuta ya nyumbani. Dukani tukaambiwa kwa hela hiyo tutapata takataka, tujikaze tufikishe milioni mbili tuchukue mpya, maana rahisi ghali. Shemeji yangu naye anasema watoto wana simu, kompyuta ni anasa. Tufanye nini?”

Dada, salaam kwako na kwa baba watoto. Nunueni, tena kwa hizo laki nane mlizo nazo. Maombi ya chuo, maombi ya mkopo, masomo ya sekondari, mambo ya darasa la tano na hesabu za duka: humo hamna kazi hata moja inayodai kompyuta ya milioni mbili. Aliyewaambia mjikaze aliangalia mfuko wenu kabla ya kuuliza mtaitumia kwa kazi gani, na bei ya kompyuta huanza kueleweka pale tu kazi yake inapotajwa. Hata hivyo msemo wa rahisi ghali ni kweli kwa aina fulani ya kompyuta za bei ndogo. Nitaieleza hapa chini ili muikwepe.

Nianze na shemeji yako, kwa sababu hoja yake ina uzito. Simu inafanya mengi: kutuma pesa, kuangalia matokeo ya NECTA, kusikiliza somo la video, kuwasiliana na walimu. Nyumba isiyo na kompyuta lakini ina simu moja nzuri haiko gizani. Ila simu imetengenezwa kwa ajili ya kupokea na kujibu kwa ufupi. Mkae nayo chini kuandika insha ya kurasa tano, au kupanga bei za mabati, misumari na saruji kwenye safu kumi na mbili, au kusoma swali upande mmoja huku ukiandika jibu upande wa pili, ndipo mtaona inapoishia.

Chukua mfano wa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa vyuo, ambao uko mlangoni kwenu. Mwombaji hujaza taarifa mtandaoni, huchapisha fomu, huipeleka isainiwe na kugongwa mihuri, kisha huiskani na kuipakia tena pamoja na vyeti. Familia nyingi humalizia kazi hii steshenari. Hapo mnalipia kila ukurasa na kila marekebisho, na siku za mwisho foleni inafika barabarani. Kinachonisumbua zaidi kuliko gharama ni kile kinachobaki nyuma: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, namba ya NIDA, nywila ya akaunti ya mkopo, vyote vimelala kwenye kompyuta ambayo keshokutwa atakaa mtu mwingine. Nimewahi kukaa kwenye mashine ya namna hiyo na kukuta barua pepe ya kijana nisiyemfahamu ikiwa bado wazi. Kuwa na kompyuta yenu nyumbani, hata ya kawaida kabisa, kunawaondolea hatari hiyo.

Kuna pia kijana mwenyewe. Mwaka wa kwanza chuoni kila kazi huletwa ikiwa imechapwa, ina jedwali, ina ukurasa wa marejeo. Aliyezoea kibodi nyumbani hutumia usiku wake kufikiria somo. Asiyezoea huutumia kutafuta herufi. Miezi mnayosubiri kufikisha milioni mbili ndiyo hiyo hiyo ambayo angekuwa anajifunza.

Tuje kwenye mashine. Kuandika barua, kutengeneza jedwali la mauzo, kusoma kitabu cha PDF na kutazama video ni kazi nyepesi. Kazi nzito kuliko zote katika nyumba ya kawaida, na wengi hushangaa kusikia hivi, ni kivinjari cha intaneti. Ukurasa mmoja wa siku hizi unaweza kula kumbukumbu kuliko programu nzima ya kuandikia. Mtoto akifungua kurasa kumi na huku somo la video linaendelea, RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizo wazi) ya GB 4 inajaa, na ikijaa kompyuta huanza kuhamishia mambo kwenye diski na kuyarudisha. GB 8 inatosha familia yenu. GB 16 ni raha mkiipata kwa nyongeza ndogo, lakini msikose usingizi kwa ajili yake. Jambo moja tu: tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Kwa hiyo ushauri wa zamani wa kununua mashine yenye GB 4 kisha kuongeza baadaye hauna faida tena. Chukueni ambayo tayari ina GB 8 ndani.

Cha pili, na kwangu ndicho cha kwanza, ni diski. Watu wakisema kompyuta ni nzito mara nyingi wanaisingizia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Diski ya zamani ya HDD ina sahani inayozunguka na mkono unaohama kutafuta data. Sahani ya diski ya mpakato (laptop) wa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na kila data inayotafutwa lazima mkono ufike mahali pake kisha isubiriwe sahani ilete sehemu hiyo. Hesabu hiyo inaishia kwenye maombi madogo ya data kama mia moja tu kwa sekunde. Windows inapowaka huomba vipande vidogo kwa maelfu. Ndiyo maana mnabonyeza kitufe, mnaenda kuchemsha chai, mnarudi bado inazunguka. SSD, diski ya kisasa, haina kitu kinachozunguka, huhudumia maombi kwa maelfu kila sekunde, na mashine ile ile ya miaka minane huwaka ndani ya nusu dakika. Mkiambiwa kompyuta ina TB 1 (kama GB 1,000) ya HDD na nyingine ina GB 256 ya SSD, chukueni ya GB 256 bila kusita. Nyumba yenu haina vitu vya kujaza TB 1, na kungoja kutawachosha watoto hadi waiache.

Halafu prosesa, ambapo ndipo watu wanapopigwa zaidi. Wauzaji hupenda kutamka “Core i7” kama vile jina hilo linamaliza mjadala. Jina hilo peke yake halisemi kitu mpaka mjue kizazi, yaani toleo lake. Core i7-6600U, ya kizazi cha 6, ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili tu za kufanyia kazi. Core i5-8250U, ya kizazi cha 8, ina viini vinne. Hiyo i5 inafanya kazi nyingi kwa pamoja vizuri kuliko i7 ile, na mara kwa mara mtazikuta zinauzwa bei moja au i7 ikiwa juu. Kizazi husomwa kwenye namba baada ya kistari: ikianza na 8 ni cha 8, ikiwa 10 au 11 ni cha 10 au 11.

Nasisitiza kizazi cha 8 kwa sababu nyingine pia. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji wa nyumbani walioingia kwenye mpango wa nyongeza walipewa mwaka mmoja tu zaidi. Windows 11, kwa prosesa za Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za nyuma yake. Kwa AMD, mkichukua Ryzen ya mfululizo wa 3000 au zaidi hamtakosea. Sokoni mtaona mashine za kizazi cha 4, cha 5 na cha 6 zenye Windows 11 iliyolazimishwa kuingia. Itawaka, itafanya kazi, ila Microsoft haitoi ahadi kwamba itaendelea kupokea masasisho, na kompyuta itakayobeba akaunti ya mkopo na hesabu za duka haifai kuishi hivyo.

Kwa hiyo kwa laki nane natafuta nini? Natafuta kompyuta ya mtumba iliyokuwa ya ofisi, ya mwaka 2018 au baada ya hapo: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na jamaa zao. Makampuni ya Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka michache, hata kama bado nzima, kwa sababu dhamana zimeisha au mkataba wa kukodi umefika mwisho. Ndizo zinazojaza maduka ya Kariakoo. Zilipokuwa mpya ziliuzwa ghali kuliko hiyo ya milioni mbili mliyooneshwa, na zilitengenezwa zistahimili mtu kuzifungua na kuzifunga kila siku kwa miaka. Bawaba ni imara, kibodi inabadilishika, na hizo tatu nilizotaja zina nafasi mbili za RAM na diski inayotoka kwa kufungua skrubu. Spea zake zimejaa na mafundi wanazijua ndani na nje. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine inayochomoka kwa nyuma, kwa hiyo ya nje ikichoka unanunua nyingine bila kumtafuta fundi.

Sasa ile rahisi iliyo ghali. Ni kompyuta mpya, nyembamba, inang'aa, kwenye boksi lenye picha nzuri, bei yake inakaribia kabisa hela yenu, na ndani ina prosesa ya Celeron ya daraja la chini, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao na hifadhi ya GB 64 ya eMMC, aina ya bei ndogo ambayo nayo imechomelewa. Kwenye karatasi imetimiza masharti ya Windows 11, maana kiwango cha chini kabisa ni GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi. Ila Windows yenyewe inakula GB 20 na zaidi, sasisho kubwa linahitaji nafasi nyingine, na kabla mwaka haujaisha inawaambia hakuna nafasi. Hamwezi kuongeza RAM, hamwezi kubadilisha hifadhi. Neno “mpya” ndilo lililouza mashine hiyo. Kati yake na ThinkPad ya mtumba iliyokwaruzika mgongoni, mimi namchukulia mwanangu ThinkPad. Siyo kwamba kila prosesa ndogo ni mbaya: Intel N100, iliyotoka mwanzoni mwa 2023, ina viini vinne na inakula umeme kidogo sana, na ikiwa pamoja na GB 8 na SSD ya kweli ni kompyuta nzuri ya nyumbani. Muangalie kilichomo ndani.

Chromebook za mtumba, kompyuta zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows, nazo zipo na bei zake zinavutia. Kila modeli ya Chromebook ina tarehe ambayo Google inaacha kuipa masasisho. Nyingi zinazofika huku zimebakiza muda mfupi au zimeshapitwa. Kama mtakuta moja, tafuteni modeli yake na tarehe hiyo kabla hamjaangalia bei.

Naomba sehemu hii ya kukagua muisome pole pole, ikiwezekana kijana aiandike kwenye karatasi aende nayo dukani. Kwa treni ya SGR mnaweza kwenda Kariakoo asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo msinunue kwa haraka eti kwa sababu mmetoka mbali. Nendeni siku ya kazi asubuhi, wakati muuzaji ana nafasi ya kuwasikiliza.

Kwanza mwombeni aiwashe ikiwa haijachomekwa kwenye umeme. Kisha kwenye kisanduku cha kutafutia andikeni cmd, na kwenye dirisha jeusi linalofunguka andikeni powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza ripoti na kuwaonesha ilipoihifadhi. Humo kuna namba mbili za kulinganisha: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo inaobeba leo ikijaa. Ya leo ikiwa chini ya nusu ya ile ya kiwandani, betri imechoka. Hiyo si sababu ya kuiacha mashine, ni sababu ya kupunguziwa bei au kubadilishiwa betri hapo hapo.

Pili, na hapa wengi huumia, hakikisheni kompyuta haijafungwa na mwajiri wake wa zamani. Makampuni huweka nywila kwenye BIOS, programu ya ndani inayoanza kabla ya Windows, na mengine huisajili mashine kwenye mfumo wao wa mbali. Mnaipeleka nyumbani vizuri, siku mnayoirudisha mwanzo inaleta jina la kampuni ya nje na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Dawa yake: mwambieni muuzaji aizime, aiwashe na kuingia BIOS mbele yenu, muone haidai nywila. Halafu airudishe Windows mwanzo kabisa na kuiunganisha na intaneti mkiwa mmekaa pale. Inachukua muda, mnaweza kunywa soda. Muuzaji anayekataa jambo hilo amewajibu tayari.

Tatu, bonyezeni kila kitufe cha kibodi, kimoja kimoja, mkiwa kwenye ukurasa wa kuandikia. Baadhi ya mashine zilitoka Ujerumani au nchi za Skandinavia na herufi zimekaa mahali tofauti, na mtoto wa darasa la tano atapotea. Jaribuni kila tundu la USB kwa fleshi yenu, kamera, maiki, spika, Wi-Fi. Fungueni picha nyeupe ijaze skrini muone kama kuna mabaka. Ishikeni kwa kona moja, ifungueni na kuifunga, msikilize bawaba. Kwenye maelezo ya mfumo someni wenyewe jina la prosesa, kiasi cha RAM na aina ya diski, msitegemee kilichoandikwa kwenye karatasi ya bei wala stika.

Mkiridhika, risiti iandikwe modeli, namba ya mashine, na muda wa kurudisha ikileta shida. Mwezi mmoja ni jambo la kawaida kuliomba.

Msitumie laki nane yote kwenye kompyuta. Jipeni ukomo wa laki sita na nusu, na ikibidi mshuke daraja moja la muonekano, mchukue yenye mikwaruzo, ili kilichobaki kifanye kazi tatu. Ya kwanza ni kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka, maana chaja moja ikiungua mmerudi dukani. Ya pili ni mausi, kwa sababu mtu wa hesabu hawezi kutesekea kidole kwenye pedi siku nzima. Ya tatu ni diski ya nje au fleshi ya kuaminika ya kuwekea nakala za akiba. Hesabu za duka zikihamia kwenye kompyuta, lazima ziwepo mahali pawili. Kila Jumamosi jioni baba watoto achomeke, anakili, achomoe na kuificha mbali na kompyuta, kwa sababu mwizi akichukua kimoja asichukue vyote.

Mtaniuliza kuhusu kompyuta ya mezani. Ina sifa zake: kwa hela hiyo hiyo mnapata prosesa yenye nguvu zaidi, skrini kubwa inayopumzisha macho, na haiibiwi kirahisi. Zile ndogo za ofisi kama HP EliteDesk 800 G4 au Dell OptiPlex 3060 za umbo dogo ni mashine ninazozipenda sana. Tatizo ni umeme ukikatika: bila UPS, kifaa chenye betri ya akiba, kazi inapotea, na UPS ni hela nyingine na betri yake huchoka. Kwenye LUKU tofauti ipo ila si ya kutisha. Mpakato unaokula wati 20 hivi, ukitumika saa nne kila siku, unamaliza uniti 2.4 kwa mwezi. Kompyuta kubwa ya mezani pamoja na skrini, kwa wati 80, inafika uniti 9.6. Kwa nyumba yenu, ambapo kijana anajaza fomu zenye tarehe ya mwisho, nachagua mpakato kwa sababu ya betri.

Programu zisiwatoe hela. Kompyuta hizi za ofisi kwa kawaida zilitoka kiwandani na leseni ya Windows iliyofungamana na ubao wake, kwa hiyo ikirudishwa mwanzo na kupata intaneti hujithibitisha yenyewe. Kwa kuandika na hesabu pakueni LibreOffice. Ni ya bure kabisa, inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel, na kwa daftari la duka haina upungufu wowote. Msikubali fundi awawekee Office iliyokrekiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, kama zawadi. Kreki ni mojawapo ya njia kuu za virusi vya kuiba nywila kuingia majumbani, na nywila zenu zitakuwa za mkopo na za biashara. Antivairasi ya kununua hamhitaji pia: Windows ina ya kwake, na kazi yenu ni kuacha masasisho yaingie tu.

Masasisho hayo yanakula bando, na hilo limewakatisha tamaa wengi. Mkiunganisha kompyuta kwa intaneti ya simu, ingieni kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo muiambie Windows kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Itaacha kupakua mambo makubwa bila ruhusa. Mara moja kwa mwezi, mkiwa na bando la kutosha au mahali penye Wi-Fi, mnaruhusu yote yaingie. Kwa watoto, tafuteni programu ya Kiwix. Inahifadhi Wikipedia ndani ya kompyuta ikasomwa bila intaneti. Ya Kiingereza nzima na picha zake inazidi GB 100, lakini ya Kiswahili ni ndogo na inaingia bila shida, na kuna vifurushi vidogo vya mada moja moja. Scratch, ya kujifunzia kupanga programu, nayo ina toleo lisilohitaji intaneti na ina Kiswahili ndani yake. Mtoto wenu wa darasa la tano yuko kwenye umri wake hasa. Vitabu vya shule viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Nisiwadanganye kwamba kompyuta itaongeza alama yenyewe. Romania, kuanzia mwaka 2004, serikali ilizipa familia za kipato kidogo hati ya euro 200 za kununulia kompyuta ya nyumbani. Watafiti Ofer Malamud na Cristian Pop-Eleches walichapisha mwaka 2011 walichokikuta: watoto waliopata kompyuta walikuwa na ujuzi mkubwa zaidi wa kompyuta na walifanya vizuri kwenye vipimo vya kufikiri, lakini alama zao za shule zilishuka. Kompyuta hizo zilitumika sana kwa michezo. Ila nyumba zilizokuwa na utaratibu wa wazazi juu ya kazi za shule hazikuumia kwa kiwango hicho. Peru nako kompyuta ndogo ziligawiwa kwenye shule za vijijini, na tathmini ya mwaka 2012 haikuona alama za hisabati wala za lugha zikipanda. Nayachukulia matokeo hayo kwa uzito, na kwangu yanaongeza sababu ya kununua mashine ya kawaida. Kama thamani yake inatokana na namna nyumba inavyoitumia, milioni moja na laki mbili za ziada hazinunui namna hiyo.

Kwa hiyo ikae sebuleni, skrini ikiangalia chumba. Kila mtu awe na akaunti yake. Ya baba watoto, yenye hesabu, iwe na nywila asiyoijua mtoto, na za watoto zisiwe na ruhusa ya kuingiza programu. Kazi za shule kwanza, burudani baadaye, na muda ujulikane. Wewe dada ukae nao mwanzoni, hata kama hujui kitu. Mtoto akimweleza mama yake anachokifanya kwenye skrini, anajifunza mara mbili.

Baba watoto asihamishe madaftari yote kwa mara moja. Aanze na wadaiwa tu: jina, bidhaa, tarehe, kiasi, kilicholipwa, kilichobaki. Akiona safu ya mwisho inajijumlisha yenyewe, atataka kuendelea na stoo. Akifika kwenye leseni ya biashara, mfumo wa TAUSI wa serikali za mitaa unapatikana mtandaoni na ataufikia akiwa kwake.

Kuna jambo moja mlizungumze kabla hamjanunua. Kijana wenu akipata chuo atatamani kuondoka nayo, na ana haki ya kutamani. Semeni mapema kwamba hii ni ya nyumba, ili kidato cha tatu na duka visibaki mikono mitupu mwezi wa kumi. Zile pesa ambazo mngeongeza kufikisha milioni mbili, zikipatikana polepole, zitamnunulia ya kwake ya daraja hili hili, na nyumba itakuwa na kompyuta mbili zinazofanya kazi badala ya moja inayogombewa na watu watano. Isipokuwa akichaguliwa usanifu majengo, uhandisi au kozi yoyote yenye programu nzito za kuchora au kuhariri video. Hapo asinunue kitu kabla ya kuripoti. Aulize idarani wanatumia programu gani na inahitaji mashine ya namna gani, ndipo milioni mbili inaweza kuwa na sababu.